Gemu litafunguka bando likiisha? Tulinganishe makufuli ya magemu ya kompyuta kabla hujanunua

Ukienda kuulizia gemu la kompyuta hapa Mwanza, mazungumzo huanzia kwenye mashine: laptopu yako ina RAM kiasi gani, kadi ya picha ni ipi, diski imebaki na nafasi ngapi. Ni maswali ya msingi. Lakini yapo mengine ambayo watu hujiuliza baada ya fedha kutoka, wakati hayasaidii tena. Gemu hili litafunguka siku bando limekwisha? Litafunguka baada ya fundi kupiga Windows upya? Na kampuni iliyoliuza ikiamua kulitupa mkono, mimi nitabaki na nini?

Majibu yote yamo kwenye kufuli, yaani ule ulinzi ambao mwenye gemu huuweka ili lisinakiliwe na kugawiwa bure. Kwenye kurasa za maduka ya mtandaoni utaukuta umeandikwa kwa herufi tatu, DRM. Sipingi mtu kulinda kazi yake. Magemu hutengenezwa na watu wenye kodi za nyumba na ada za watoto za kulipa, na hapa nchini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyoulinda muziki. Ninachopinga ni kufuli linalomwadhibu aliyelipa. Na makufuli hayafanani hata kidogo: lipo ambalo hutalihisi miaka kumi, na lipo litakalokufungia nje ya gemu lako Jumamosi usiku kwa sababu mnara wa simu umezimika pamoja na umeme.

Ninayapima kwa maisha yetu. Intaneti ya wengi wetu ni bando la simu linalorushwa kwenda kwenye laptopu. Umeme hukatika. Kompyuta nyingi ni za mtumba, kwa hiyo hupigwa Windows mara kwa mara, hubadilishwa diski, huuzwa na kununuliwa tena. Wapo pia wanaovuka ziwa kwenda kufanya kazi Ukerewe au Kome na kukaa huko wiki kadhaa, mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Kufuli linalotaka kuongea na seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mtandaoni, kila saa halikutengenezwa kwa ajili ya watu hawa, na ndiyo maana inabidi tuchague kwa macho mawili.

Diski za zamani

Naanza na CD na DVD za magemu za mtumba, maana bado zinapatikana na bei zake huvutia. Ushauri wangu ni mfupi: ziache. Makufuli ya enzi hizo ndiyo yaliyozaa hofu yote tunayoizungumza leo.

Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG ilikutwa imeweka kwenye CD za muziki programu iliyojificha ndani ya Windows bila mwenye kompyuta kuambiwa. Mtaalamu Mark Russinovich ndiye aliyeianika, na kampuni ikalazimika kuzirudisha CD hizo kutoka sokoni. Ulikuwa muziki, ila wachezaji wa magemu walielewa haraka, kwa sababu wao tayari walikuwa wakilalamikia StarForce, ulinzi kutoka Urusi uliokuwa ukipandikiza draiva zake ndani kabisa ya mfumo. Kampuni ya magemu ya Ubisoft iliachana na StarForce mwaka 2006.

Kisha ikawa zamu ya SecuROM, kufuli jingine la diski. Gemu la Spore la kampuni ya EA lilipotoka Septemba 2008, aliyelinunua aliruhusiwa kulisajili kwenye kompyuta mara 3 tu. Kwa laptopu inayopigwa Windows kila inapopata virusi, mara 3 ni nini? Wanunuzi waliijaza Amazon alama za nyota moja, kesi ikafunguliwa Marekani, na EA ikapandisha idadi hadi 5. Mwisho wa mwaka huo TorrentFreak, tovuti inayofuatilia uharamia wa mtandaoni, ikaitaja Spore kuwa gemu la kompyuta lililopakuliwa kiharamia kuliko yote. Waliolipata bure hawakuhesabiwa usajili hata mmoja. Kufuli lilimkamata mwenye risiti tu.

Kuna sababu nyingine ya kuziacha diski hizo. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft ilikataa kuendesha kufuli la SafeDisc na matoleo ya zamani ya SecuROM, kwa kuwa draiva zake zilikuwa tundu la usalama. Kwa hiyo unaweza kuwa na diski halali kabisa, haina hata mkwaruzo, na gemu lisifunguke. Magemu mengi ya wakati huo yanauzwa upya yakiwa hayana kufuli, tena kwa bei ndogo, na hapo ndipo tunapofika kwenye ulinganisho wenyewe.

GOG na Steam bega kwa bega

Haya ndiyo maduka mawili ambayo mchezaji wa kawaida anapaswa kuyapima kwanza, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye ukurasa wa bei.

GOG lilianzishwa mwaka 2008 na CD Projekt ya Poland, na msimamo wake tangu mwanzo ni kuuza magemu yasiyo na kufuli. Kwa vitendo iko hivi. Ukishalipa, unaingia kwenye akaunti yako na kupakua mafaili ya kusimika gemu, moja kwa moja kwenye kivinjari ukipenda. Gemu kubwa hukatwa vipande visivyozidi takriban GB 4 kila kimoja. Kwa mtu wa bando hili si jambo dogo: likikata katikati umepoteza kipande, hujapoteza gemu zima. Na flashi nyingi za mtaani zimefomatiwa kwa mtindo usiokubali faili linalozidi GB 4, kwa hiyo vipande hivyo vinaingia bila kugoma. Unavihifadhi kwenye diski ya nje, unaichomeka kwenye laptopu nyingine isiyo na intaneti kabisa, unabofya faili la kwanza, gemu linasimikwa. Haliulizi akaunti, haliulizi namba, halipigi simu popote. Fundi akipiga Windows leo, kesho unasimika tena kutoka kwenye diski ile ile.

Watu husema kampuni ikiuza gemu bila kufuli itakufa njaa. CD Projekt ilitoa The Witcher 3 mwaka 2015 ikaiuza GOG bila kufuli tangu siku ya kwanza, na gemu hilo kwa mashine zote limepita nakala milioni 50. Nalitaja hili kwa sababu ni gemu lao wenyewe, la gharama kubwa, si kitu walichokiokota.

Steam ya Valve ilianza mwaka 2003, na Half-Life 2 ya mwaka 2004 ndiyo iliyowalazimisha wachezaji kuizoea, kwa sababu hata aliyenunua diski alitakiwa kuwa na akaunti. Huko funguo yako ni akaunti. Kufuli la Steam lenyewe ni jepesi, na halilazimishwi kwa kila mtengenezaji. Yapo magemu ambayo ukishayapakua hufunguka hata Steam ikiwa imefungwa. Steam ina pia namna ya kucheza nje ya mtandao, nayo inafanya kazi ukiiandaa: uwe umeingia kwenye akaunti ukiwa na intaneti, umelifungua gemu angalau mara moja, na lisiwe na sasisho linalosubiri.

Hilo la sasisho ndilo linalowaumiza watu wa visiwani. Ukiwa mjini Steam inaanza kuvuta sasisho kimyakimya kwa hotspoti ya simu. Bando linakata katikati. Unapanda meli, unafika Nansio, unafungua laptopu, na pale palipokuwa na kitufe cha kucheza pameandikwa kwamba gemu linasubiri kusasishwa. Gemu lote limo ndani ya diski yako, na huwezi kuligusa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Steam na kuiambia isisasishe gemu mpaka utakapolifungua mwenyewe, na kuiweka nje ya mtandao ungali Mwanza, siku moja kabla ya safari.

Steam inaishinda GOG kwa wingi wa magemu, hilo halina ubishi, hasa yale mapya. Inaishinda pia kwa jambo moja ambalo wanafunzi wa Nyegezi na Malimbe wangelitumia zaidi kama wangelijua: tangu mwaka 2023, kompyuta mbili zenye Steam zilizo kwenye Wi-Fi moja zinaweza kurushiana mafaili ya gemu bila kuvuta upya kutoka mtandaoni. Kila mmoja lazima awe na gemu lake kwenye akaunti, lakini GB 60 zinalipiwa bando mara moja tu, na waliobaki wanakopi kwa rauta ya chumbani.

Kurudishiwa fedha: Steam hukubali ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. GOG hutoa siku 30 hata kama umecheza. Maduka yote mawili hulipwa kwa kadi, na bei utaziona kwa dola.

Sasa kuhusu umiliki. Kuanzia Oktoba 2024, Steam inakuonya wakati wa kulipa kwamba unachonunua ni leseni ya kutumia gemu. Onyo hilo lilikuja baada ya California kupitisha sheria ya kuyataka maduka yaseme ukweli huo. Kisheria hata GOG inakupa leseni. Tofauti ni kwamba faili la GOG liko mkononi mwako, kwenye diski ndani ya droo yako, na hakuna wa kulifuata huko. Ndiyo maana hukumu yangu ni hii: gemu likipatikana kwa maduka yote mawili, lichukue GOG, hata kama limezidi dola moja au mbili. Likiwa Steam pekee, lichukue kama halina kufuli la mtu wa tatu juu yake.

GOG si malaika. Mwaka 2021 ilianza kuuza Hitman ambayo sehemu zake nyingi zilidai intaneti, wateja wakaja juu, ikaliondoa dukani. Lakini kule kuondolewa ndiko kunakonipa imani: wateja walikuwa na ahadi ya kuikumbusha kampuni.

Maduka mengine nayapita haraka. itch.io ni zuri kwa magemu madogo ya watengenezaji huru. Unapata faili lako na kuondoka. Epic hutoa gemu la bure kila wiki, ila kila gemu lina sheria zake, kwa hiyo usidhani lote utakalolichukua litafunguka bila mtandao.

Denuvo: kufuli juu ya kufuli

Denuvo hutoka Salzburg, Austria, na ilijulikana mwaka 2014 kupitia FIFA 15. Yenyewe hailindi gemu moja kwa moja. Inalinda kufuli jingine, la Steam au la EA, lisichokolewe. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba mara ya kwanza lazima uwe na intaneti, gemu lipewe kibali cha mashine ile. Ukibadilisha kifaa kikubwa ndani ya kompyuta, ukipiga Windows, au gemu likipata toleo jipya, kibali kinaweza kutakiwa tena. Na kwa kawaida kuna kikomo cha kompyuta 5 tofauti kwa siku. Hili si kama la Spore, kwa sababu hesabu huanza upya baada ya saa 24. Kwa mtu mwenye laptopu moja na bando la uhakika, Denuvo inavumilika.

Malalamiko makubwa ni kasi. Kampuni ya Denuvo hukana kwamba inapunguza kasi ya gemu. Lakini mwaka 2021 Resident Evil Village ilitoka ikiwa na Denuvo pamoja na ulinzi wa Capcom wenyewe, na wanunuzi wakawa wanaona picha inakwama pale hasa wanapompiga zombi risasi. Nakala iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli na waharamia, ikawa inakwenda laini kuliko ya kununua. Julai mwaka huo Capcom ilitoa sasisho na kutamka kwamba imeurekebisha ulinzi wake. Yaani mwizi alikuwa na gemu bora kuliko mteja mpaka mtengenezaji alipokubali kugusa kufuli. Kwenye kompyuta ya milioni nne mkwamo huo unaweza kumezwa. Kwenye laptopu ya mtumba ambayo tayari inahema, kila kinachoongezwa juu ya processor unakihisi.

Habari njema ni kwamba kampuni nyingi huiondoa Denuvo baada ya muda, mauzo ya mwanzo yakishapoa. Doom ilitoka Mei 2016 na Desemba mwaka huo huo ilikuwa imeshaondolewa. Kwa hiyo kama gemu unalolitaka lina Denuvo, subira ina faida mbili hapa: bei inashuka na kufuli linatoka. Mimi sioni gemu la kucheza peke yako ambalo haliwezi kusubiri mwaka.

Utaijuaje? Kwenye ukurasa wa gemu Steam, upande wa kulia, kuna kisanduku kinachotaja ulinzi wa mtu wa tatu, jina lake, na idadi ya kompyuta unazoruhusiwa. Watu hukipita wakikimbilia picha na bei. Kisome kwanza. Na tovuti ya PCGamingWiki huorodhesha kwa kila gemu aina ya kufuli kwa kila duka, kwa hiyo unaweza kugundua kwamba gemu lile lile lina kufuli zito Steam na halina lolote GOG.

Gemu linalotaka seva kila dakika

Hili ndilo kufuli baya kuliko yote kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa, na sitalipamba. Unacheza peke yako, hushindani na mtu yeyote, lakini gemu linataka kuwa hewani muda wote. Mtandao ukikatika linasimama.

Ubisoft ililijaribu mwaka 2010 kwenye Assassin's Creed II. Machi mwaka huo seva zake zikashambuliwa, na watu waliolipa wakashindwa kucheza gemu la mtu mmoja lililokuwa ndani ya kompyuta zao. Miaka mitatu baadaye, Machi 2013, EA ikatoa SimCity. Ni gemu la kujenga mji, kazi ya utulivu kabisa, lakini lilidai seva. Siku za mwanzo seva zililemewa, watu wakasubiri foleni kuingia kwenye miji yao wenyewe, kuna waliopoteza kazi waliyoijenga, na EA ikalazimika kuwapa gemu jingine bure kuwatuliza. Wachezaji walikuwa wameambiwa kwamba gemu haliwezi kufanya kazi bila seva. Machi 2014 likatoka sasisho la kulicheza nje ya mtandao.

Na The Crew ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Ni gemu la kuendesha magari kwenye ramani ya Marekani, lilitoka Desemba 2014, na mtu angeweza kulizunguka peke yake mwezi mzima. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva, na gemu likafa kwa kila aliyelinunua, mwenye diski na asiye na diski. Baadaye likaondolewa hata kwenye maktaba za akaunti za watu. Ni sawa na kuuziwa mtumbwi huku kasia likibaki kwa muuzaji. Kifo cha gemu hilo ndicho kilichomsukuma mtengenezaji wa video za YouTube, Ross Scott, kuanzisha kampeni ya Stop Killing Games mwaka huo huo, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni 1. Hawaombi seva ziishi milele. Wanaomba kwamba kampuni ikiondoka, gemu liachwe katika hali ya kuchezeka. Sioni mtu wa haki anayeweza kulipinga hilo.

Bando linaloliwa na magemu haya si lazima liwe kubwa. Shida ni kukatika. Mtandao unaopotea sekunde thelathini hapa Mabatini wakati wa mvua hauharibu ujumbe wa WhatsApp, lakini unaweza kukutoa kwenye gemu ulilolicheza saa nzima. Kama ni gemu la kushindana na watu, seva ni ya lazima na unaielewa. Kama ni la mtu mmoja, usilinunue. Hata kwa nusu bei.

Walinzi wanaoingia chini ya mfumo

Hawa kazi yao ni kuzuia udanganyifu, hawazuii kunakili, lakini hofu ni ile ile na wakati mwingine ni kubwa zaidi, kwa sababu wanakaa kwenye kiini cha Windows chenye mamlaka juu ya kila kitu. Vanguard ya Riot, iliyokuja na Valorant mwaka 2020, huamka kompyuta inapowaka, kabla hujafungua gemu lolote. EA nayo ina wake tangu FIFA 23. Mwaka 2020 Doom Eternal iliongezewa mlinzi wa namna hii kupitia sasisho, baada ya watu kuwa wameshanunua. Kelele zikapigwa na ndani ya muda mfupi akaondolewa.

Hatari si ya kufikirika. Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, ambayo ni programu ya usalama wa ofisini isiyohusiana na magemu, liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani, kwa sababu tu lilikuwa linakaa kwenye kiini hicho. Tangu Oktoba 2024 Steam inawataka watengenezaji waseme wazi kama gemu lina mlinzi wa aina hiyo. Kama laptopu unayochezea ndiyo yenye tasnifu yako, au hesabu za duka la mama, mimi nisingemruhusu mlinzi huyo aingie.

Ya kukraki

Huwezi kulinganisha bila kulitaja, maana ndilo linalopatikana kirahisi kuliko yote: unapeleka diski ya nje, unalipa fedha kidogo, unarushiwa magemu kumi. Na ninaelewa kwa nini. Hana kadi ya kulipia mtandaoni, hana bando la GB 60, na amesikia kwamba nakala halali itamsumbua. Makufuli mabaya yamewapa waharamia hoja ambayo hawakustahili.

Lakini tazama kinachotokea wakati wa kusimika. Karibu kila folda ina faili la maelekezo, na mstari wa kwanza unasema zima antivairasi. Unamwondoa mlinzi wako kwa ombi la mtu usiyemjua. Juni 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu Crackonosh, programu iliyofichwa ndani ya magemu yaliyokrakiwa yakiwemo GTA V na Pro Evolution Soccer 2018. Ilikuwa imeingia kwenye kompyuta zaidi ya 222,000, ikizima antivairasi na kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa umeme wa mwenye kompyuta. Sisi ambao LUKU tunaihesabu uniti kwa uniti ndio tungelipa hiyo bili. Ukiona laptopu inapiga feni usiku kucha bila gemu kufunguliwa, anza kuuliza magemu yalitoka wapi. Kwangu hili ni chaguo baya kuliko Denuvo, kwa sababu angalau Denuvo ina jina na anwani.

Kwa hiyo, wewe ni nani?

Mwanafunzi mwenye laptopu dhaifu, nunua magemu ya zamani kidogo GOG wakati wa punguzo, uyahifadhi kwenye diski ya nje. Kama fedha hakuna kabisa, yapo ya bure yasiyo na kufuli wala ujanja, kwa sababu msimbo wake uko wazi: SuperTuxKart la mbio za magari, 0 A.D. la vita na kujenga falme, The Battle for Wesnoth la mikakati. Unaruhusiwa kumrushia rafiki yako bila kumwibia mtu.

Unayefanya kazi Ukerewe au Ukara, usisafiri na gemu ambalo hujalijaribu bila intaneti ukiwa bado mjini.

Mpenzi wa mpira, kwako sina jibu tamu. EA Sports FC kwenye kompyuta inabeba tabaka zote kwa pamoja: hata ukiinunua Steam lazima ifungue programu ya EA, na juu yake kuna mlinzi wa kiini. eFootball ni ya bure lakini uhai wake uko kwenye seva. Kama unayo namna, mpira ucheze kwenye PlayStation kwa diski, laptopu uiachie magemu mengine.

Mwenye banda la kompyuta pale Kirumba au Igoma, akaunti moja ya Steam haikuruhusu kufungua gemu lile lile kwenye mashine nne kwa wakati mmoja, na leseni ya kawaida ya GOG ni ya matumizi binafsi, haikupi ruhusa ya biashara hata kama faili halina kufuli. Magemu ya msimbo wazi niliyoyataja yanakuruhusu kutoza watu kwa saa bila kuomba kibali. SuperTuxKart inachezwa na watoto wawili kwenye kibodi moja, na haihitaji kompyuta kali.

Na yeyote utakayenunua Steam, fanya jaribio hili siku ile ile gemu linapomaliza kushuka. Lifungue mara moja ukiwa na intaneti, cheza dakika chache, lihifadhi, ulifunge. Zima hotspoti ya simu. Zima laptopu kabisa, iwashe, fungua Steam nje ya mtandao, kisha fungua gemu na uendelee pale ulipoishia. Likifunguka, ni lako kwa kiasi ambacho Steam inaweza kukupa. Likikudai intaneti, washa hotspoti na uombe fedha zako zirudi kabla saa 2 za kucheza hazijatimia.